Hondohondo Aziba Tundu la Nyimbo

Zamani, vibuyu vilipokuwa bado vinatunza sauti, Ngedere hakujua kuimba, ila alijua kusikiliza. Kila wimbo uliomkosha roho aliutia kibuyuni, akauweka kwenye tundu la mti wa ndege Hondohondo ili wapita njia wausikie.

Asubuhi moja alikuta tundu limezibwa kwa udongo.

“Kulikoni, Bwana Hondohondo?”

“Humu mna wimbo wa Kurumbiza. Mwenyewe hataki.”

“Amekwambia?”

“Mimi huziba tu. Kuuliza si kazi yangu.”

Ngedere akaenda kwa Kurumbiza, ndege mwimbaji, kuomba radhi. Kurumbiza akaduwaa.

“Nani, mimi? Wimbo ule niliuimba ujanani, sasa umenitoka. Nilitaka wanangu waje wajifunze huko kwenye kibuyu chako!”

Wakarudi pamoja, wote wamechanganyikiwa.

“Zibua,” akasema Kurumbiza. “Mwenye wimbo ndiye mimi.”

“Uimbe basi, nikutambue.”

“Nimeusahau! Si umo humo ndani?”

Hondohondo akaongeza tope. “Mwenyewe angeujua.”

Ngedere akajikuna kichwa. “Na huyo mwenyewe akija?”

“Nitamwambia mlikuja kumwibia.”