Bunduki yenye namba 20567

Mkubwa Lutumba aliipindua bunduki ya Nestor na kuitafuta namba kabla hata ya kuangalia kama ina risasi ndani. Bunduki zote alizikagua hivyo. Mtutu, kitako, kilengeo, hayo aliwaachia wawindaji. Yeye alikuwa anakusanya namba.

"Arobaini na nane elfu, mia tatu na sita," alisoma. "Hii njo namba, Sitwayen? Hii iko namba ya mufungwa."

Nestor alisimama, kofia mkononi. Alikuwa mwindaji wa ng'ambo ya Lualaba, na kijijini bado walimwita Nestor ingawa majina ya wazungu yalikuwa yamepigwa marufuku na kila mtu aliitwa Sitwayen, yaani raia. Mkubwa mwenyewe alibatizwa Edouard, lakini siku hizo ukimwita hivyo unalala jela.

Nyuma ya kiti chake, ukutani mwa sebule, zilining'inia bunduki kumi na tatu. Hakuna hata moja iliyoua japo kuku mkononi mwake, maana mlio wa bunduki ulimtia hofu hata kwenye gwaride la Chama. Palikuwa na namba 7777. Palikuwa na namba 1001, ya mjane mmoja. Yeye ndiye aliyetia sahihi vibali vya bunduki, na mtu alipoleta bunduki yenye namba ya kupendeza, bunduki ilibaki "kwa uchunguzi". Uchunguzi wa ofisi ile ulikuwa haujawahi kwisha.

Katikati ilitundikwa ile aliyoipenda kuliko zote: 20567. Tarehe ishirini, mwezi wa tano, mwaka sitini na saba, siku Chama kilipozaliwa. Mpaka miezi miwili nyuma ilikuwa ya Nestor. Mkubwa alimwambia kwamba namba kama ile haiwezi kukaa porini na nyani, kisha akampelekea fundi Zéphirin, mhunzi wa bunduki, pamoja na dhahabu kidogo ya machimbo ya Kama, ili ajaze tarakimu zake zisomeke toka mlangoni. Fundi alikaa nayo wiki tatu. Iliporudi inang'aa, Mkubwa aliibusu. Aliibusu namba, bunduki yenyewe hakuitazama.

Jumatatu askari wangepita vijijini, na atakayekutwa na bunduki isiyo na kibali angefungwa. Lakini bila bunduki Nestor alikuwa amekwisha vilevile. Mke wake Emerance aliuza nyama ya porini sokoni Kasuku, na wiki ya saba sasa meza yake ilikuwa tupu. Watoto wawili walikuwa wamefukuzwa shule. Nestor aliona aibu kurudi nyumbani kila jioni.

"Mukubwa, niko naomba tubadilishane," alisema. "Hii nilipata kwa ndugu wa Kampene. Iko muzima. Unirudishie ile ya baba yangu."

Mkubwa alicheka mpaka beji ya Chama ikatikisika kifuani.

"Nikupe Chama, unipe mufungwa? Uko na akili kweli?"

"Iko bunduki ya kiwanda, Mukubwa. Haiko pupu."

"Pupu!" Mkubwa alikunja pua. Pupu ni zile bunduki ambazo wahunzi wa mjini walizitengeneza kwa mabomba ya usukani wa magari. "Pupu mimi naisikia harufu toka ng'ambo ya mto. Usinifundishe bunduki, Sitwayen."

"Hapana, Mukubwa."

Mkubwa alijipangusa jasho. Siku hizo alikuwa na hasira za bure, kwa sababu alitembea kwa miguu kama raia aliowatawala. Land Rover yake ilikuwa imelala uani tangu wezi walipong'oa kipande chake, na kipuri kilichoagizwa Bukavu kilikuwa bado hakijafika. Askari walikuwa wamepekua nusu ya mji bila kuona kitu.

"Mukubwa, nakuomba," alisema Nestor, akapiga magoti. "Baba yangu alikufa akiniachia ile moja tu."

"Toka hapa."

Nestor alikuwa amefika mlangoni Mkubwa alipomwita tena. Dharau ikishiba nayo huwa na ukarimu wake.

"Leta karatasi. Watu wasiseme Lutumba ananyang'anya kila kitu." Alitia sahihi kibali cha bunduki namba 48306, akakigonga muhuri mara mbili. "Namba mubaya hivi, hata mwizi hawezi kuitaka. Enda uue nyani zako."

Nestor alishukuru akiwa ameinamisha kichwa. Alitoka hivyohivyo, ameinama, akapita kando ya Land Rover na kushika njia ya mtoni.

Kwenye mitumbwi ya kuvukia, fundi Zéphirin alikuwa amekaa juu ya gunia la chumvi, anamngoja.

"Amesaini?"

"Amesaini."

Nestor alipitisha kidole chini ya kitako, pale alipokuwa amechonga alama moja kila mtoto alipozaliwa. Alama zote nne zilikuwepo. Namba tu ndiyo ilikuwa mpya.

"Na motokari yake," aliuliza, "itatembea lini?"

Zéphirin aliinuka, akajikung'uta chumvi.

"Hiyo italala tu, ndugu. Bomba yake ya usukani iko kwa mukuta wa sebule, na namba ya Chama juu yake, ya dhahabu."