Maji Chini ya Karoti

Ilikuwa siku ya kumi na moja bila lori la maji kufika kambini kwetu jangwani. Mama mkwe wa Embarka alikuwa hemani akiwaka homa, midomo imepasuka ikitoa damu.

Maji yalibaki tu ndani ya mapipa matatu ya plastiki yaliyokuwa ya mafuta ya msaada, ambamo karoti zilikuwa zikiota. Embarka alikuwa ameyakata mwenyewe, akaweka maji chini, udongo juu, na tambi alizochana kwenye melhfa, vazi lake la kujitanda la harusi, ziyavute hadi mizizini. Karoti zilibakiza wiki moja tu zing'olewe.

"Usithubutu, mwanangu," mama mkwe alinong'ona alipomwona ameshika kisu. "Mimi nimeshakula chumvi nyingi. Watoto watakula nini?"

"Nyamaza, mama."

Embarka akalitoboa pipa la kwanza ubavuni. Likatoka tope, halikujaza hata kiganja.

Akageukia la pili.