Gari Hujaribiwa kwa Mzigo

Kondoo alipandishwa kwanza. Munyi alisimama kando ya gari lake pale sokoni Ruiri, Meru, akajiuliza ni nani duniani hujaribu gari kwa kondoo.

“Sisi ni wafugaji,” Mama Cicily alimweleza, akikaza kilemba chake kipya. “Nikinunua gari halafu kondoo aanguke, nitamlaumu nani?”

Munyi akacheka, meno yote nje. Angecheka hata kama wangempandisha ngamia. Gari lenyewe lilikuwa pikapu kuukuu ya dabo kabini, four-wheel, na mita yake ilikwama kwenye kilomita laki nne. Wala haikukwama jana. Alikuwa amelitangaza mtandaoni tangu mvua za mwaka jana kwa bei ya kutupa, na hakuna mtu aliyewahi kupiga simu mara ya pili. Alfajiri hiyo, alipokuwa akitoka kwake Manyatta, kule Embu, mkewe Ciku alimfungulia geti akamwambia, “Ukirudi na hiyo takataka, usinibishie mlango. Utalala ndani yake.” Ciku hakuwa mtu wa mzaha.

Kwa hiyo Mama Cicily aliposema kwenye simu kwamba gari lije Ruiri, tena na tangi limejaa ili aone linavyokunywa mafuta, Munyi hakubisha. Mwenye shida hachagui.

Baada ya kondoo vikapanda viazi, magunia mawili, na kreti za soda.

“Na hizi, mama?”

“Gari hujaribiwa kwa mzigo. Likiwa tupu hata punda atalivuta.”

Kisha ikapanda familia. “Kwetu mtu hanunui gari peke yake,” Mama Cicily alisema. “Wakubali wote, ama tuache.” Shemeji yake, Mzee Kailemia, akaingia nyuma na koti zito, fimbo na kibuyu cha asali alichokipakata kama mtoto mchanga. Hata asali ilikuwa ya kupima: ikimwagika, gari halina springi. Akina mama wanne wakajibana huko nje, sehemu ya mizigo, pamoja na kondoo. Wa mwisho alikuwa kijana mmoja aitwaye Lennox, amevaa suti na tai, jasho likimtiririka.

Munyi alipomwona huyo, moyo ulimruka. Suti, Ruiri, siku ya Jumamosi? Huyo lazima awe mtu wa sacco, amekuja kutoa hela. Akamfutia kiti cha mbele kwa mkono wa shati lake mwenyewe.

“Tutafika saa ngapi?” Lennox aliuliza.

“Tufike wapi, boss?”

“Tunaijaribu tu mpaka Kianjai,” Mama Cicily akadakia kutoka nyuma. “Hiyo barabara ndiyo husema ukweli.”

Barabara ilisema. Mvua ilikuwa imenyesha, na udongo mwekundu uliteleza kama sabuni. Kwenye mlima wa kwanza Munyi alivuta gia ya four-wheel huku akisali, kwa sababu gia hiyo ilikuwa na siku zake. Siku hiyo ilikubali. Gari likakohoa, likatoa moshi mweusi, likapanda. Akina mama wakapiga vigelegele. Munyi nusura alie kwa furaha. Alikiona kitanda chake, na Ciku akimpakulia mukimo.

“Hiyo sauti ni ya kawaida,” alisema upesi.

“Sauti gani?” aliuliza Mzee Kailemia. “Mimi sisikii vizuri.”

Mteja wa namna hiyo Mungu humleta mara moja tu. Munyi akatulia kabisa, hata usingizi ukaanza kumnyemelea. Katikati ya viti kulikuwa na miraa, fungu moja nono lililofungwa vizuri kwa majani ya mgomba. Akanyoosha mkono achomoe kijiti kimoja. Fimbo ya mzee ikamshukia vidoleni.

“Hiyo si ya kutafuna ovyo!”

“Pole, mzee.” Kimoyomoyo akasema Wameru ni wachoyo kweli.

Lennox akageuka. “Tai yangu iko sawa?”

“Uko smart kabisa, boss.” Mtu wa hela habishiwi.

Karibu na Kianjai kulikuwa na kijito. Mama Cicily akaomba wasimame, gari lioshwe, aone rangi yake halisi. Munyi alikunja suruali akaliosha mwenyewe mpaka magurudumu. Likang'aa kiasi kwamba hata yeye alilitamani.

“Sasa ingia hapo kushoto. Polepole. Piga honi.”

Mbele yao palikuwa na geti lililofungwa. Nyuma ya geti wanawake waliimba, wakikataa kufungua, na juu ya vichwa vyao ilionekana hema nyeupe na moshi wa sufuria kubwa. Akina mama wa Ruiri wakaruka chini na kujibu wimbo.

“Hawa pia ni familia yenu?” Munyi aliuliza.

“Bado,” alisema Mama Cicily. “Wakimpokea huyo kondoo, watakuwa.”

Geti likafunguka. Mzee Kailemia alitangulia na asali na lile fungu la miraa la posa, kwa hatua za msemaji wa ukoo. Lennox alifuta viatu, akafuata. Viazi vikashuka, soda zikashuka. Munyi akabaki na ufunguo mkononi, akitazama kiti cha nyuma, ambacho ndicho kingekuwa kitanda chake, kilivyojaa matope.

“Sasa mama, na gari?”

“Gari ni nzuri sana, kijana yangu. Lakini Lennox hajaipenda. Nenda usichelewe, Manyatta ni mbali.”

“Na nyinyi mtarudi Ruiri na nini?”

“Usijali. Kuna mwalimu hapa Kianjai anauza Land Rover.” Mama Cicily alirekebisha kilemba, akageukia wakwe zake. “Nimemwambia saa kumi aje na tangi limejaa.”