Kiki wa Ofisini

Mwansa aliingia ofisini bila kubisha, mkoba kwapani.

"Kiki iko wapi?"

Mumewe, Edouard, alikuwa peke yake mbele ya kompyuta.

Wivu ulikuwa unamla Mwansa tangu mvua zilipoanza. Kila simu ya kazi ya Edouard, Kiki. Kiki amemaliza fomu za malori ya mpakani Mokambo. Bila Kiki ningefanya nini? Hata mezani, tonge la bukari mkononi, Kiki. Usiku Mwansa alijigeuza kitandani akimpangia huyo mtu sura, nywele, mpaka marashi, na kila alipompangia alimchukia upya.

"Unionyeshe ule mwanamuke," akasema. "Miye njo bibi yako. Nikimuona tu, leo narudia kwetu na batoto."

Edouard akapumua, kisha akacheka. Akamvutia kiti.

"Kiki haiko muntu, Mwansa. Ni makro, kaprogramu ka kujaza fomu."

Akafungua fomu ya forodha. Nafasi zote zilikuwa tupu: mwenye mzigo, anwani, namba ya lori, uzito, mpaka. Akamfungulia na orodha ya makro. Kweli, ilikuwamo moja tu, nayo iliitwa Kiki.

"Andika jina ya client hapa. Sasa finya, weye mwenyewe."

Mwansa akafinya kitufe. Kufumba na kufumbua, fomu nzima ikajaa.

Aibu gani hii, jamani. Mwanamke mzima, mama wa watoto, kuionea wivu kompyuta. Alicheka hadi machozi yakamtoka, akamshika mumewe mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi. Roho yake ikatua. Edouard naye akatoka mbio kwenda kumnunulia soda, sucré ya baridi.

Hapo akaingia Chomba, mwenzake Edouard wa meza ya pili, ambaye hakuwahi kumwona Mwansa. Akamdhani mteja.

"Jambo, mama. Banakuhudumia?"

"Sana." Mwansa akafinya tena, fomu nyingine ikajaa. Majivuno yakamshinda. "Edouard njo fundi. Ametengeneza hii kitu yote peke yake."

Chomba akacheka kwa upole, akaweka karatasi zake mezani.

"Edouard? Hapana, mama, ule hajui kutengeneza makro. Ni Kiki, bibi yake, njo alimutengenezea, kabla ya kwenda kuzala mutoto yabo."