Moyo kwa Nusu ya Uwezo

Kazini nachora bodi za saketi, na kanuni yetu ni moja: kapasita, kile kikopo kidogo cha kutunza umeme, ikiwa ya volti hamsini usiipe zaidi ya ishirini na tano. Itadumu. Siku hizi hata mioyo yetu inatumika hivyo kisheria, na bangili mkononi ndiyo askari.

Jana jirani yangu Mwanamvua alikuja kuniaga, anahamia Tunduru.

"Shoga, umesikia ya Mzee Kombo? Kamposa mjane wa fundi cherehani, kumbe mjane mwenyewe..."

Nikacheka mpaka machozi. Bangili ikalia kwamba moyo umevuka nusu, mlango ukafunguka wenyewe ili mgeni atoke.

"Malizia, we mwanamke!"

"Nimalizie ufungiwe wageni mwezi mzima? Baki salama, mwaya."

Akaenda na kisa chake.

Kabatini ipo redio ya marehemu mama. Kapasita yake ilizidishiwa volti, ikapasuka siku ya harusi yangu. Viti vyote vilikuwa vitupu, maana nyumba nzima ilikuwa inacheza.

Usiku, mapigo yalipotulia, bangili ikanipongeza: moyo mzima, umebakiza miaka tisini.

Miaka tisini, mwaya, na viti sita vitupu hapa sebuleni.