Siku ya Kisirani

"Huyu farasi amezaliwa mikononi mwangu," Flaviana alimtangazia kila aliyesimama kando ya kamba ya watazamaji. Kisha akakohoa kidogo. "Sawa, nilikuwa nimefumba macho, na aliyevuta ni daktari. Lakini taa nilishika mimi."

Waringa hakucheka. Yeye alikuwa mama wa Lorraine, msichana aliyempanda farasi huyo, na tangu asubuhi wanawake hao wawili walikuwa wakitazamana kama paka wanaovizia samaki mmoja.

Farasi mwenyewe, Kisirani, alikuwa na miaka mitano na tabia za mkwe asiyependwa. Mama yake, akiwa na mimba, Flaviana aliachiwa urithi na mzee mmoja wa Potomac, Marekani, ambaye yeye ndiye alimuuguza mpaka kifo. Manesi wenzake waliachiwa vikombe. Tangu hapo mshahara wote wa zamu za usiku uliishia kwenye majani makavu, na watu wa kanisani Gaithersburg walisema mama wa watu amerukwa na akili.

Leo angewaonyesha. Jana Kisirani alikwisha kutembea zile hatua za madaha mbele ya waamuzi, na hakumng'ata mtu. Leo zilikuwa mbio za porini: magogo, mitaro, maji, na kwenye kila kizuizi mwamuzi mmoja amekaa kwenye kiti cha kukunja, redio mkononi.

"Akimaliza safi," Flaviana alisema, "Januari anakwenda Florida kwa yule mwalimu mkubwa. Na Lorraine anakwenda naye, maana huyu mnyama mtu mwingine hamkubali. Wote waliojaribu wamelamba mchanga."

"Si nilishakubali?" Waringa alijibu. "Chuo cha Fairfax alichokubaliwa hakina miguu, hakitatoroka. Aki mtoto ashinde tu."

"Umekubali kwa mdomo. Uso umekunjamana kama chapati ya juzi."

"Uso ni wangu, mama. Wewe chunga punda wako."

"Punda! Punda ndiye aliyempa mwanao jina mjini."

"Jina alipewa na nyanya yake. Punda amempa harufu."

Flaviana akavuta pumzi amjibu jibu la kumzika, lakini vishindo vikamkatiza. Kisirani huyo, anatoka msituni, shingo mbele, mkia juu kama bendera, na Lorraine juu yake amejikunja kama ngumi. Walikuwa wanalikaribia gogo kwa kasi mno.

"Mbane!" Flaviana alipasua sauti. "Mvute nyuma, mwanangu! Mbane kwa miguu!"

Lorraine akambana. Kisirani akajikusanya, akaruka, akatua upande wa pili bila kugusa hata gome. Bibi wa Kizungu aliyeamua kwenye gogo lile akatabasamu, akawapungia mkono.

Flaviana naye akapunga, meno yote nje. "Sheria inakataza kumwelekeza mpandaji," alimnong'oneza Waringa. "Neno moja tu kutoka kwa watazamaji, wanamtoa. Lakini huyu bibi anadhani tunashangilia. Kiswahili ni mali, mwenzangu."

"Neno moja tu?"

"Moja. Kwa hiyo kama huna la maana, funga mdomo."

"Mimi mambo ya farasi nitayajulia wapi," Waringa alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akamfuata bila kubishana.

Wakakata njia ya mkato mpaka kwenye maji. Domina, mwenzao wa kwaya ya kanisani, alikuwa amewatangulia huko na boksi la barafu lenye soda. Kizuizi hiki ndicho kilichokuwa kimewanyima watu usingizi: farasi anaingia bwawani, halafu mpandaji anachagua pa kutokea. Kulia kuna ukuta mrefu na njia fupi. Kushoto ukuta mfupi, lakini unazunguka. Mwamuzi alikuwa mzee mwenye upara, anakula ndizi.

Kisirani akaja. Alipoyaona maji akarudisha masikio nyuma. Akasitasita. Flaviana akashika kamba kwa mikono miwili. Lorraine akamwambia farasi neno, akamgusa kwa visigino, na Kisirani akajitosa bwawani, maji yakaruka pande zote. Ameingia! Imebaki kutoka tu.

Waringa alikuwa amepanda juu ya boksi la soda.

"Go left, Lorraine! Left! Go left!"

Ndizi ikadondoka. Mzee akasimama, akasema maneno mawili kwenye redio, kisha akapuliza filimbi.

Lorraine akasimamisha farasi katikati ya maji. "Mom!" alilia. "Oh my God, Mom!" Na kipaza sauti kule juu kikatangaza kwa upole kwamba Kisirani ameondolewa.

"Umeniua!" Flaviana alimshika Waringa ukosi wa koti. "Mchawi wee! Nimekwambia neno moja! Moja!"

"Nisamehe, dada!" Waringa aliteremka kwenye boksi machozi yakimtiririka. "Niliona anamtupa mtoto wangu! Moyo wa mama, aki! Mdomo ulifunguka wenyewe, sikujua hata nasema nini!"

Domina akaingia kati, akamkumbatia. "Mwachie, Flaviana. Hofu ya mama haina sheria. Huoni anavyotetemeka?"

Flaviana akamwachia. Akamtazama Kisirani akitoka majini polepole, mzima, hana hata mkwaruzo, na Florida yake ikichuruzika naye. Akamtazama Waringa, kichwa kwenye bega la Domina, analia kwa kwikwi.

Akasogea karibu. Sauti yake ilikuwa ya chini, karibu ya upole.

"Mama Lorraine. Siku unamzaa huyo mtoto, ulilia kwa Kiingereza?"

Kwikwi zikakatika.