Kikohozi cha Mlangoni

Mguu mmoja wa kitanda cha Masele ulikuwa umezama tena kwenye sakafu ya udongo. Adam, jirani aliyepanga chumba cha pili cha nyumba hiyo, akainama akauwekea kipande cha ubao.

"Nyumba za huku Bugarama ndivyo zilivyo, Baba Nelly," alisema. "Haya, twende kabla jua halijawa kali."

Masele hakubisha. Alimeza vidonge vyake, akapanda nyuma ya baiskeli, wakaondoka.

Zamani alikuwa mchimbaji. Vumbi la machimboni lilimla mapafu, kisha kifua kikuu kikaja kumalizia kilichobaki. Mkewe alichukua watoto akarudi kwao Didia. Daktari alisema Masele haambukizi tena, lakini nani wa kumsikiliza daktari? Watu walimsalimia wakiwa barabarani, huku wanatembea. Ilifika mahali akatamani kutupa vidonge chooni, yaishe.

Ndipo Adam akaja kumjulia hali. Pale mlangoni alijikwaa kwenye jiwe jeupe, lililotoka kwenye shimo la choo, ambalo Masele alilitumia kuzuilia mlango. Akaliokota, akaligeuzageuza, akalisogeza kando lisije likamwangusha mgonjwa. Wiki hiyohiyo akahamia chumba cha pili, na baiskeli yake.

Tangu hapo kila siku walikwenda kwenye ngitili, pori dogo ambalo wenyeji wamelifunga ng'ombe wasiingie mpaka kiangazi. Masele, mtu aliyeishi miaka mingi chini ya ardhi, alilala chali kwenye nyasi akitazama mbingu mpaka machozi yakamtoka. Kanga wa porini walipita na vifaranga vyao bila kumwogopa. Adam alimmenyea karanga na kumletea umbea wote wa sokoni Nyasubi, wakacheka hadi mbavu zikauma. Masele alianza kuyapenda maisha tena, na hilo lilimtia hofu kuliko ugonjwa wenyewe.

"Kesho utakuja?" aliuliza kila walipoagana.

"Nitakuja. Kwani mimi nina rafiki mwingine?"

Jioni, kila walipokaribia nyumbani, Masele alikohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu, cha kutisha, mpaka Adam akawa anamshika mgongo. Wakiingia ndani, kinatulia.

Siku moja wingu jeusi liliwarudisha mapema. Baiskeli ikapata pancha karibu na nyumbani, Adam akabaki kwa fundi, Masele akatangulia kwa miguu. Matone ya mvua yakaanza. Alisukuma mlango akiwa hoi, akaegemea ukuta kutafuta pumzi.

Chini ya kitanda, ndani kabisa ya ardhi, nyundo zilikuwa zinagonga mwamba. Zikanyamaza.

"Adam, ni wewe?" sauti ya mwanamume ikauliza kutoka huko chini. "Mgonjwa umemwacha wapi? Shuka uone, dhahabu hii hapa. Kesho tunamaliza."

Masele alirudi nyuma polepole, akaurudishia mlango, akasimama uani kwenye mvua. Kisha akakohoa kwa nguvu, kama alivyokohoa kila jioni, ili wale wa chini wapate nafasi ya kujificha.

Adam alipotokea akisukuma baiskeli, Masele alimshika mkono kwa mikono yote miwili.

"Kesho utakuja?"